Aliyetumwa Chumvi

Kwa Shangazi, chumvi ilikuwa inaisha kila maji ya rangi yanapochemka. Pakiti inaweza kuwa pale pale kwenye rafu, imejaa, imekaa kama bibi harusi, lakini sufuria ikianza tu kutoa mvuke Shangazi atajifuta mikono kwenye aproni na kusema, bila hata kugeuka, "Kimbia dukani uniletee chumvi." Kiberiti atakwenda. Akirudi, rangi imeshachanganywa, vitambaa vimeshazama kwenye ndoo, na Shangazi amekaa juu ya kigoda anajipepea kwa kipande cha boksi, uso umetulia kama mtu aliyetoka kusali.

Chumvi isipoisha, unaisha mkaa. Mkaa usipoisha, kuna mtu kabisha hodi mlangoni, nenda ukamwangalie. Mlangoni hakuna mtu. Hajawahi kuwapo mtu.

Jina halisi la Kiberiti liko kwenye cheti cha kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kwenda kulitafuta huko. Hili la Kiberiti alipewa akiwa mdogo kwa sababu ukimsugua kidogo tu upande mmoja, amewaka. Watu wazima walisema ataacha akikua. Akakua, kiuno kikatokea, sauti ikapata uzito, na hasira nazo zikakua pamoja naye kama mapacha. Alipomaliza shule na matokeo ambayo baba yake aliyasoma akayakunja akayasukumiza chini kabisa ya mfuko wa suruali, wakaongozana wote wawili mpaka kwa dada mkubwa wa baba, huyu Shangazi, aliyekuwa anatengeneza batiki nyuma ya nyumba yake.

"Dada," baba yake alisema, na yeye ni mlinzi wa ghala, mtu anayetoa maneno kama yanakatwa kwenye mshahara wake, "mfundishe kazi. Ana mikono huyu."

Shangazi alimwangalia mpwa wake kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, akasema atamfundisha kila kitu.

Kila kitu. Kiberiti alilikumbuka neno hilo kila siku, wakati mwingine kwa sauti.

Kwa kweli alifundishwa mengi, tusimwonee mama wa watu. Karakana yenyewe ilikuwa ua wa nyuma ulioezekwa bati nusu, nusu nyingine umeachiwa mbingu. Meza ndefu ilitandikwa magodoro yaliyochoka na juu yake turubai, ili muhuri ukikandamizwa usigonge mbao. Pembeni jiko la mkaa na kopo la nta, na ukutani alama za viganja vya kila rangi, kwa sababu Shangazi aliamini kitambaa cha kufutia mikono ni anasa. Hapo ndipo Kiberiti alipofundishwa kuchonga sponji kwa wembe mpaka ikawa muhuri, kuuchovya kwenye nta na kuugonga juu ya kitambaa cheupe. Alijifunza kwamba nta ikipoa inakaa juu juu kama tope la kwenye kiatu, ikizidi moto inakimbia na kuharibu nakshi, na ikiwa sawasawa inaingia ndani na kutokea upande wa pili. Alijifunza pia kufikiri kinyume, maana kwenye batiki unapaka nta pale ambapo hutaki rangi ifike. Kilichofunikwa ndicho kitakachobaki cheupe. Mwanzoni kichwa kilimuuma. Baadaye akawa anachora ngazi, mawimbi na viduara vidogo vidogo kama mvua ikianza kudondoka kwenye vumbi, na wateja wakawa wanauliza, huu mchoro wa nani. Shangazi anajibu, "Wa hapa."

Halafu alifundishwa kuchemsha. Kuitoa nta kwenye kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi ni kukitumbukiza kwenye pipa la maji yanayotokota na kukisukumasukuma kwa mti, nta inapanda juu, unaiengua, unakisukuma tena, mvuke unakuja usoni na moshi unakuja machoni, wanapokezana. Hiyo ikawa kazi ya Kiberiti peke yake. Nywele zake zilinuka mishumaa zioshwe zisioshwe. Kuna kijana mmoja alikuwa anamfuatilia, kijana mtanashati, ana pikipiki. Siku moja akamsogelea karibu, akavuta pumzi na kumwambia ananukia kama kanisa. Mapenzi yakaishia hapo hapo.

Kilichobaki ni kimoja tu, rangi: kuichanganya, kuiamsha, kuifanya ishike. Na mtu anayeijua batiki yote isipokuwa rangi ni kama dereva anayelijua gari lote isipokuwa kuliwasha. Anaweza kuliosha. Anaweza kukaa ndani na kupiga honi. Lakini hafiki popote, na kila siku anamsubiri mwenye ufunguo. Kiberiti alitaka ufunguo. Hakutaka karakana ya Shangazi, hakutaka wateja wake wala kigoda chake. Alitaka siku moja asimame mbele ya sufuria ile, mvuke ukiwa unatoka, na asitumwe popote.

Alijaribu njia zote. Alikimbia dukani kwa mbio za mwizi na kurudi akihema, akakuta imekwisha. Alinunua chumvi ya akiba na kuificha. Shangazi akaishiwa mkaa. Akauliza waziwazi, kwa adabu zote alizokuwa nazo, ambazo si nyingi.

"Bado hujaiva," Shangazi alimjibu.

"Nimeiva mpaka naoza, Shangazi."

"Basi oza taratibu. Mkaa unaisha."

Nyumbani alimlalamikia baba yake. Baba akasikiliza, akavua kiatu, akakichungulia ndani kana kwamba jibu limo humo, na kusema, "Vumilia, mama." Hilo lilikuwa neno lake la kila ugonjwa. Jino likimuuma mtu, avumilie. Bati likivuja, livumiliwe. Kiberiti alikuwa amevumilia hadi akahisi ule uvumilivu wenyewe umeanza kumvumilia yeye.

Kisha wakaja wageni.

Walikuwa kikundi cha wanawake kutoka ofisi fulani kubwa, wamepanga siku moja ya kutoka, na badala ya kwenda kuogelea kama watu wenye akili wakaamua kujifunza sanaa ya vitambaa kwa vitendo. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja wa miwani mikubwa, anacheka na kila kitu, hata ndoo. Shangazi alikuwa amevaa gauni ambalo Kiberiti hakuwahi kuliona, na sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

"Karibuni wanangu, karibuni sana. Hapa hakuna siri. Hapa tunashika, hatuangalii."

Kiberiti, aliyekuwa amebeba maji mikono miwili, alisimama. Hapa hakuna siri?

Akadhani ni maneno ya kukaribishia tu. Akaendelea na maji, akiwa anasubiri kutumwa. Wageni wakagonga mihuri yao, nta ikawadondokea kwenye viatu vya bei mbaya, wakacheka. Na saa ya rangi ikafika. Shangazi akashusha makopo kutoka kwenye rafu ya juu, yale ambayo Kiberiti aliyajua kwa migongo tu, akayapanga mezani na kuyafungua moja baada ya jingine mbele ya watu aliokutana nao asubuhi ile. Huu unga wa bluu. Hii soda kali, msiishike kwa mikono mitupu. Huu mweupe unaonuka kama yai viza, ndio unaoiamsha rangi. Na chumvi ilikuwapo. Bakuli zima, limewekwa katikati kama sukari ya chai.

Vyote vikaingia kwenye ndoo ya maji ya bomba. Mama wa Miwani akapewa mti.

"Koroga, mwanangu, usiogope," Shangazi akamwambia, na akamshika mkono, akauongoza.

Kiberiti alikuwa amesimama kando ya pipa. Miaka yote aliyokaa kwenye ule ua, jina lake lilikuwa "wewe", na akiwa amefanya vizuri sana, "wewe hapo". Mwanangu lilikuwepo kumbe. Lilikuwa limehifadhiwa kwa ajili ya wanaoondoka jioni. Meno yalimuuma kwa jinsi alivyoyabana, lakini macho hakuyabana. Aliyafungua yote na kuiangalia ndoo ile kama paka anavyoangalia dirisha la bucha. Kijiko kikubwa cha hiki, viwili vya kile. Koroga. Zamisha. Subiri. Anika. Akavimeza vyote.

Hata kuchemsha hakukuwapo siku hiyo. Shangazi alisema wageni wana haraka, akatandika magazeti juu na chini ya vitambaa na kupiga pasi, nta ikayeyuka na kuingia kwenye magazeti, basi, kazi imekwisha, pigeni picha. Walipokuwa wanaaga, Mama wa Miwani akamshika Kiberiti begani na kumwambia ana bahati mno kuishi na mwalimu kama huyu. Kiberiti alisema asante. Lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kuyatamka, na ameshawahi kutamka majina ya dawa za baba yake.

Wageni walipoondoka alimfuata Shangazi kwenye kigoda.

"Wale umewaonyesha."

"Wale wageni."

"Na mimi?"

"Wewe si wa nyumbani?" Shangazi alisema, kama vile hilo ni jibu, akamwelekeza kwa kidevu mahali zilipo ndoo za kuosha.

Akaziosha. Kila ndoo aliitukana kwa jina lake. Na alipomaliza alikuwa ameshaamua.

Alikuwa na rafiki, mshonaji wa barabara ya pili, aliyeitwa Sauti ya Pili kwa sababu kwenye kwaya aliimba sauti ya pili, na kwenye umbea ya kwanza. Kwaya yao ilikuwa inatafuta mitandio ya bluu ya kuvaa mabegani juu ya blauzi nyeupe. Kiberiti akamwambia aache kutafuta. Atatengeneza yeye, kwake mwenyewe, kwa rangi yake mwenyewe. Sauti ya Pili aliuliza kama ameshafundishwa rangi. Kiberiti akajibu kwamba ameona kwa macho yake, na wakati huo haukuwa uongo.

Aliifanya kazi ile uani kwa baba yake, kwa unga alionunua sokoni kwa kutaja rangi na harufu. Nakshi ilikuwa ya zile mvua zake za vumbini, safi, zimepangika kama zimepimwa. Akaweka kijiko cha hiki, viwili vya kile, maji ya bomba, akakoroga, akazamisha. Bluu ikatoka, bluu ya kupendeza, ya kumfanya mtu asimame. Na ilipofika kwenye kutoa nta alilitazama sufuria kubwa la baba yake, akayakumbuka mapipa yote, mvuke wote, na yule wa pikipiki, na akaapa kwamba kwenye kazi yake mwenyewe, ya kwanza, hatachemsha kitu. Akachukua magazeti na pasi. Mtu mwingine yeyote, asiyeyachukia maji ya moto kiasi kile, angechemsha, na yale maji yangemwambia ukweli mapema, akiwa peke yake, bila mashahidi. Yeye alijinyima shahidi huyo kwa chuki tu. Mitandio ilikauka kidogo kwa mabaki ya nta, ikawa na ukakamavu fulani. Akasema ndiyo heshima.

Siku ya kuimba lilikuwa joto la kukaanga. Kwaya iliingia imenyooka, mabega ya bluu, blauzi nyeupe, watu wakageuka kuangalia na Kiberiti aliyekuwa nyuma kabisa akaota urefu. Wakaimba ubeti wa kwanza. Wa pili, jasho likaanza. Kufika wa tatu, wale wa mbele walikuwa na shingo za bluu. Bluu ikashuka kwenye blauzi, ikafuata mikono, mwimbishaji akachukua ncha ya mtandio wake akajifuta uso, akageuka kuwashukuru watu, na watu wakauona uso huo. Mtoto mmoja akalia. Kwaya, kwa nidhamu ambayo lazima isifiwe, iliimba mpaka mwisho.

Sauti ya Pili alikuja na mzigo wote kwenye shuka, akautua mlangoni kwa baba yake Kiberiti. Shingo yake ilikuwa bado ya bluu. Alikuwa ameisugua mpaka ikawa ya bluu na nyekundu.

"Umetupaka rangi kama mageti," alisema. Hakucheka, na yeye alikuwa mtu wa kucheka hata akifiwa na simu. "Mimi ndiye niliyesema unajua. Nilisimama mbele ya watu nikasema unajua."

Kiberiti aliinama kwenye mzigo. Alichovya pembe ya mtandio mmoja kwenye maji. Maji yakawa bluu, pembe ikawa nyeupe. Rangi haikuwahi kuingia. Ilikuwa imekaa tu juu ya uzi kama vumbi kwenye kabati. Pale ndipo alipokiona kile ambacho Shangazi hakuwaonyesha wageni. Hakukijua ni nini, ila aliona shimo lake. Damu ikampanda. Alitembea mpaka kwa Shangazi, na njiani hakumwamkia mtu.

Shangazi alikuwa mezani, anagonga nta kwenye mapazia ya ukumbi fulani, kazi ya siku nyingi iliyotakiwa haraka. Habari zilikuwa zimeshamfika. Kwenye umbea Sauti ya Pili hakuwa na pumziko.

"Nasikia kwaya imekuwa ya bluu," alisema, akichovya muhuri.

"Ulinifundisha uongo."

"Wewe sikukufundisha. Niliwafundisha wageni, wewe ukadokoa. Umedokoa sufuria ya wageni, halafu unanilaumu mboga haikuiva?"

"Kwa hiyo ulijua zao zitatoka."

"Zile watatundika ukutani. Ukuta hautoki jasho." Akagonga muhuri, akauinua, akaukagua. "Na wakiziosha watasema wameziosha vibaya. Watu wa aina ile hujilaumu wenyewe, ni watu wazuri sana."

Kiberiti akamwambia ni mwongo, ni mchoyo, na kwamba miaka yote hii amekuwa akimfuga kama punda wa maji. Alimwambia hayo kwa sauti ambayo jirani alizima redio ili asikie vizuri. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka muhuri chini, akakunja mkono wa gauni na kuonyesha kovu refu linalong'aa, kuanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko.

"Soda," alisema. "Mimi nilifundishwa na nani? Nilichungulia. Nikaungua, nikachungulia tena. Sikupelekwa na baba yangu kwa mtu nikaambiwa ana mikono huyu."

"Kwa hiyo unataka na mimi niungue."

"Nataka ukae."

Likatoka hivyo hivyo, na inaonekana Shangazi mwenyewe hakulitegemea, kwa maana aliushika tena muhuri akaugonga pabaya, juu ya alama iliyokwisha kukauka.

"Nikikuonyesha hicho kimoja," akaendelea, sasa akiliambia pazia, "utakaa hapa kwa ajili ya nini? Kwa uzuri wa sura yangu? Mgongo huu hauinui ndoo. Yule mwenzako niliyekuwa naye kabla yako nilimwonyesha asubuhi, jioni nikawa nachemsha mwenyewe."

Kiberiti alikuwa amekuja na majibu ya uchoyo. Ya uchoyo alikuwa nayo mengi, amekuwa akiyanoa njia nzima. Hili la kuachwa lilimwasha zaidi. Ingekuwa nafuu huyu mama angekuwa mbaya tu. Angekuwa mbaya, mtu ukaondoka umeshiba hasira yako. Lakini kuogopa kubaki peke yako ndiyo sababu ya kumtuma mtu chumvi ujana wake wote? Aliondoka bila kuaga. Usiku hakulala, aligeuka geuka, na kulipokucha alirudi, kwa sababu mzigo wa mitandio ulikuwa bado mlangoni kwa baba yake na hakuna mahali pengine duniani ambapo jibu lake lilikuwepo.

Mapazia yalikuwa yameshakauka nta, yametundikwa kwenye kamba chini ya bati, yanasubiri rangi. Maji yalikuwa jikoni. Wakafanya kazi bila salamu. Mvuke ukaanza kutoka.

"Kimbia dukani," Shangazi alisema, bila kugeuka.

Kiberiti alichukua ndoo tupu, akaipindua, akaiweka hatua moja kutoka kwenye jiko, akaikalia.

Shangazi akageuka. Waliangaliana. Kila kitu kilikuwa kimesemwa jana mbele ya jirani. Shangazi akavuta kigoda naye akakaa, mikono imekunjwa juu ya aproni. Aliweza kukaa hivyo mpaka jioni, alikuwa na makalio ya subira. Maji yalichemka. Yakaendelea kuchemka. Ila kuna kitu kimoja ambacho wote wawili walikijua na hakikuhitaji kutajwa: jua. Kivuli cha bati kilikuwa kinarudi nyuma polepole kwenye sakafu, na pazia la mwisho kwenye kamba lilikuwa limeshaguswa pindo. Nta haipendi jua. Inalainika, inatambaa, nakshi inapoteza kingo, na kazi ya siku zote zile inakuwa madoa. Wa kuyaondoa mapazia yale kwenye kamba ni watu wawili, mmoja kila upande; yalikuwa mapana mno, na nta ikikunjwa inapasuka. Kiberiti hakuinuka. Mvua zake zilikuwa kwenye lile pazia, yeye ndiye aliyezigonga, na moyo ulikuwa unamvutika kila jua lilipopanda sentimeta moja. Aliuacha uvutike.

Jua lilipofika kwenye safu ya kwanza ya nakshi, Shangazi alisimama kwa kishindo, kigoda kikaanguka. Akashusha makopo. Akayatua mezani moja moja, kila moja kama anamgonga nalo mtu kichwani. Na akaanza, kwa hasira ya mtu anayevuliwa nguo.

Hakwenda kwenye ndoo. Alichukua sufuria dogo, akamimina humo maji ya moto kidogo tu, akatia unga wa bluu, soda, na ule wa yai viza, akakoroga. Kisha akachukua mfuniko, akafunika na kusimama.

"Unasubiri nini?" Kiberiti aliuliza.

"Nasubiri ufe."

"Na nisipokufa?"

"Itageuka. Ikigeuka, utaona ngozi juu, inang'aa kama shaba, na chini yake rangi si bluu tena, ni kama mkojo wa mgonjwa. Hapo ndipo imeamka. Hapo ndipo unaipeleka kwenye maji ya baridi, ili nta isiyeyuke. Ukiipeleka kabla haijageuka unawapaka watu rangi kama mageti." Kumbe na neno hilo lilikuwa limemfika. "Na usifunue funue. Hewa inaiua. Unakaa kama mtu mzima, unasubiri."

Alifunua mara moja, kwa upande wa Kiberiti. Ngozi ya shaba ilikuwapo. Akaimimina kwenye ndoo kubwa, na chumvi akaitoa kwenye rafu ilikokuwa siku zote, akamtupia Kiberiti mti.

"Koroga. Polepole. Unakoroga rangi, humfukuzi kuku."

Wakalishusha pazia la jua kwanza, kila mtu upande wake, wakalizamisha. Lilipotoka lilikuwa la kijani kibovu cha njano, na Kiberiti akashtuka akadhani imeharibika, lakini Shangazi hakushtuka. Walilishika juu, mmoja huku mmoja kule, na hewa ikaanza kulipiga. Kijani kikaondoka kuanzia kwenye kingo. Bluu ikaja kama inatokea ndani ya uzi wenyewe, ikaenea, ikaongezeka, mpaka ikawa ile bluu ya Shangazi ambayo Kiberiti alikuwa ameichemsha kwenye pipa kwa miaka bila hata siku moja kuona maji ya moto yakiipunguza. Alilowanisha kidole, akausugua uzi kwa nguvu. Kidole kikatoka na maji tu.

"Ni hicho tu?" alisema. "Maji ya moto na mfuniko?"

"Ni hicho tu."

"Yaani mimi nimekwenda dukani miaka yote kwa ajili ya mfuniko wa sufuria?"

"Kama kingekuwa kidogo hivyo, kwaya yote isingekuwa bluu."

Alikuwa na haki kusema hivyo, na hilo ndilo lililomuuma Kiberiti kuliko yote. Kama ingekuwa siri kubwa, ya vitabu, ya kuhitaji miaka, angeweza kusamehe miaka. Lakini kitu cha asubuhi moja! Kitu cha kumwambia mtu huku mnakunywa chai!  Hakulia; alilitundika pazia kwenye kamba, kivulini, kwa adabu yote linayostahili.

Waliyatia rangi yote. Yalipokuwa yamening'inia yanadondosha, Kiberiti akajifuta viganja ukutani, akaacha alama mbili kubwa juu ya zote.

"Kesho naleta mitandio ya kwaya," alisema. "Naianza upya, nta mpaka rangi. Nachanganya mwenyewe, hapa, kwa unga wako. Wewe utakaa pale kwenye kigoda na hunitumi popote."

Shangazi alikuwa anaviokota vifuniko vya makopo, anajaribu kila kimoja kwenye kopo lisilo lake.

"Na ukishamaliza mitandio?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, na hakugeuka, lakini safari hii kutogeuka kwake kulikuwa kwa aina nyingine.

Kiberiti aliliinua pipa la kuchemshia na kuanza kulisogeza kwenye moto, maana nta ilikuwa bado haijatoka. Jibu alikuwa nalo, na halikuwa la kuondoka. Alikuwa nalo tangu pazia la kwanza lilipogeuka rangi mikononi mwao, na alijua Shangazi amesimama pale nyuma yake, ameshika kifuniko, analisubiri. Akachochea mkaa. Akaongeza maji. Akamwacha asubiri.